Pikapu ya dizeli Mwanza: kipi ununue kwanza ili ipunguze kula mafuta

Mwenye pikapu ya dizeli Mwanza analipia pia safari ya mafuta yenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mwezi, dizeli ya huku huwa juu kuliko ya Dar es Salaam, maana imesafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini. Ndiyo maana maduka ya spea yamejaa vitu vinavyoahidi kupunguza ulaji. Hapa nimevipanga kwa kigezo kimoja: pesa unayotoa inarudi haraka kiasi gani kupitia tenki.

Kabla hujafungua pochi, pima. Jaza tenki hadi pampu ikate, andika kilomita, fanya kazi zako, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena hadi ikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Gari lililotembea kilomita 430 na kuchukua lita 48 limekwenda karibu kilomita 9 kwa lita. Rudia kwa matenki kadhaa, kwa sababu safari ya kupeleka nondo Sengerema na safari ya kurudi tupu kutoka Magu hazilingani. Bila namba hizo hutajua kama kitu ulichonunua kimesaidia.

Ya kwanza: geji ya upepo

Nunua yako na ikae garini. Geji za mafundi pancha zimeanguka mara nyingi mno, na nyingi hazisemi ukweli. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na pikapu nyingi huwa na viwango viwili vya tairi za nyuma, kimoja gari likiwa tupu na kingine likiwa na mzigo. Pima asubuhi tairi zikiwa bado za baridi. Kila PSI moja (kipimo cha upepo kwenye geji) inayopungua kwenye tairi zote nne huongeza ulaji kwa karibu asilimia 0.2. Inaonekana ndogo, lakini ukishuka PSI 10 ni asilimia mbili za kila tenki, na tairi zinalika pembeni juu yake. Kuna madereva wanaopunguza upepo wa nyuma ili gari tupu lisirukeruke, kisha wanapakia mifuko ya saruji wakiwa wamesahau. Hapo unapoteza mafuta na tairi kwa pamoja.

Ukishika geji, shika na rimu. Baada ya mwendo wa kawaida, rimu moja ikiwa ya moto sana kuliko wenzake, breki ya tairi hiyo inabana na injini inaisukuma siku nzima. Hilo ni la kurekebisha leo.

Ya pili: themostati

Hii ndiyo ninayotaka uisome mara mbili, kwa sababu pikapu nyingi zinatembea bila themostati na wenye magari hawajui. Gari likichemka, fundi anaitoa na kuitupa, akisema nchi yetu ni ya joto na haihitajiki. Gari linaacha kuchemka kwa muda, wote wanafurahi, halafu ulaji unapanda polepole.

Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikiondolewa, maji yanazunguka tangu unapowasha, na injini inachelewa kupata joto au hailipati kabisa kwenye safari fupi za Kirumba, Pasiansi na kurudi mjini. Injini ya baridi haichomi dizeli vizuri, oili inabaki nzito, na kuta za silinda zinalika haraka. Kuna ubaya mwingine: kwenye baadhi ya injini, themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lenye mzigo kwenye mlima linaweza kuchemka kuliko mwanzo.

Dalili ni rahisi. Umetembea nusu saa na mshale wa temperecha bado uko chini kabisa? Mwulize fundi kama themostati ipo. Unaponunua, angalia nyuzijoto zilizogongwa juu yake. Nyingi za dizeli za pikapu ziko kati ya 76 na 88. Chukua inayolingana na ya kiwandani, pamoja na mpira wake, na uijaribu kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto kabla haijafungwa. Isiyofunguka irudishe dukani. Kama gari lilikuwa linachemka, tafuta chanzo: rejeta iliyoziba, feni, au gasketi ya silinda hedi. Themostati haikuwa na kosa.

Ya tatu: filta ya hewa na ya dizeli

Anayeingia barabara za vumbi kila siku asisubiri kilomita za kitabuni. Kwenye injini za zamani zisizo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), filta iliyoziba inaleta moshi mweusi, yaani dizeli inayotoka bila kuungua. Kwenye injini mpya za tabo zenye kompyuta utaona zaidi gari kukosa nguvu, na dereva anafidia kwa kukanyaga. Filta feki utaitambua kwa karatasi nyembamba na mpira mgumu usiokaa sawa kwenye boksi lake. Vumbi linalopita pembeni linaingia moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo hapa usibane pesa. Filta ya dizeli, mwaga maji yanayokusanyika chini yake kila sevisi.

Ya nne: tairi, zikiwa zimeisha

Usitupe tairi nzima kwa ajili ya mafuta. Ukifika wakati wa kununua, achana na zenye kashata kubwa za matope kama kazi yako ni lami ya Shinyanga, Musoma, au kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Geita. Ni nzito na zinavuta. Tairi za lami zinatosha. Anayeshuka mialoni, kwenye fukwe za wavuvi, kwenye mchanga na tope la masika achukue za mseto.

Saizi nayo inadanganya. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kutoka karibu milimita 776 hadi 803. Gari litasoma kilomita pungufu kwa asilimia tatu na kitu, na hesabu yako ya ulaji itaharibika usipoirekebisha.

Ya tano: nozeli

Nimeziweka huku kwa sababu ya bei. Zikiwa mbovu, hakuna kinachokula mafuta kama zenyewe: badala ya kupuliza dizeli kama ukungu, zinadondosha. Utaona moshi mweusi ukipanda mlima na utasikia injini ikigonga. Lakini zipimishe kwanza kwa fundi pampu mwenye mashine. Za injini za zamani za Toyota kama 5L na 1HZ hupimwa kirahisi na mara nyingi hubadilishwa ncha tu. Za komoni reli (mfumo wa kupuliza dizeli unaoongozwa na kompyuta), kama kwenye injini za Toyota 2KD na 1KD, zinahitaji mashine yake na kuingizwa namba kwenye kompyuta ya gari. Seti mpya ya bei ya kutupa ninakukataza.

Oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari inaokoa asilimia moja au mbili ikilinganishwa na nzito kupita kiasi. Turubai la bodi linasaidia kidogo sana, na kufungua mlango wa nyuma hakusaidii. Keria tupu ishushe. Na ujue kwamba kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, upinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hilo halina duka.

Za kuacha dukani

Sumaku za kufunga kwenye mpira wa dizeli, vidonge vya kutia kwenye tenki, vifaa vya kuzungusha hewa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hii na vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache mno. Chipu za kuongeza nguvu zinauzwa hata kwa wenye 1HZ, injini yenye pampu ya dizeli ya kimakanika isiyo na kompyuta ya kuambiwa chochote. Muuzaji akisisitiza, mwambie akufungie leo na umlipe baada ya matenki mawili uliyopima mwenyewe.