Samaki wa kupaka kwa khalati: tumbo au mkia?

Niseme mapema: mwenye hoteli hii ni khalati yangu, dadake mamangu, na wao wawili hawasemezani. Jina la hoteli sitalitaja. Mtaa mzima wa Mkomani, hapa Lamu, wanaijua.

Ni chumba cha chini cha nyumba yake, meza nne na baraza la nje. Nyumba yake na yetu zimeunganishwa juu kwa wikio, kile chumba kinachovuka kichochoro. Zamani nilikuwa nikitoka sebuleni kwetu hadi jikoni kwake miguu mitupu. Lakini mji wetu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na kila mwenye chumba cha juu anawaza wageni. Mama na khalati wakagombania nani apangishe orofa ya marehemu bibi, na mlango wa wikio ukapigwa misumari, kutoka upande wake. Sasa nashuka, nazunguka msikiti, nampisha punda aliyebeba mchanga, ndipo nibishe hodi. Harufu ya nazi bado inapita juu kwa juu. Mama akiisikia hufunga dirisha.

Chakula chenyewe ni kitamu, hilo halina ugomvi. Agiza samaki wa kupaka kwa mkate wa mofa. Samaki, aina ya changu, huchomwa kwanza kwa makaa, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju mpaka lishike ngozi. Mofa zatoka tanurini ukingo umebabuka, katikati laini, ukichovya kwenye rojo haikatikii mkononi. Maji ya ukwaju yana sukari mno. Nilimwambia, akanijibu ninywe ya mfereji. Pilau ya Ijumaa iacheni.

Bei ndiyo siwezi kuwaambia kwa uhakika. Wiki za amani khalati hunirudishia pesa: "Weka mwanangu, huoni haya?" Mama akitoa neno sokoni, nalo haliishi nusu saa kabla ya kufika, nalipa shilingi 400 kamili na kipande ni mkia, miba mitupu. Mpangaji wetu, mwalimu kutoka Malindi, hulipa 350 siku zote na hupewa tumbo. Niliposikia nilikasirika, sitaficha.

Huduma ni ya haraka. Ila binamu yangu anayeandalia huitangaza oda yangu kwa sauti ya kufika kwetu juu. Kama ni mazoea au uchokozi, Mungu anajua.

Ijumaa iliyopita khalati alinifungia mofa mbili gazetini. "Mpe mamako. Mwambie umenunua."

Nikamwambia nimenunua. Mama akaimega ya kwanza, akaitazama katikati, akasema, "Huyu mpaka leo haweki chumvi." Akala zote mbili, kisha akaniuliza rojo iko wapi.