Uzoefu wangu: msitu binafsi kusini mwa Kigoma mjini

Mnaouliza kama msitu ule wa kando ya Ziwa Tanganyika unastahili kiingilio chake, jibu langu ni ndiyo, ila mjue mnalipia nini. Sokwe hawapo. Wanaotaka sokwe waende hifadhi za taifa za Gombe au Mahale, wajipange na gharama za boti. Hapa kuna nyani, kima, ndege wa kila aina, na mlima wenye miti kuanzia kileleni hadi majini.

Mlima huo ndio uliostahili hela yangu. Tunaoishi Kigoma tunajua vilima vikilimwa hadi ukingoni mvua hufanya nini: maji hushuka mekundu na ufukwe wote huchafuka. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wasiopatikana kwingine duniani, na wengi wao huishi kwenye miamba ya pembeni wakila mwani unaoota juu ya mawe. Tope likitanda, chakula chao kimezikwa. Nilifika mvua zimeshaanza. Chini ya msitu maji yalikuwa safi, mawe yanaonekana. Ng'ambo ya mpaka wa msitu, penye mashamba, yalikuwa kama chai ya maziwa.

Kijana aliyetuongoza anaijua kazi yake. Nilimuuliza wanapanda miche mingapi kwa mwaka, akacheka: "Mama, hapa hatupandi, tunalinda." Akatuonyesha visiki vilivyokatwa zamani kwa mkaa, sasa vimechipua machipukizi marefu kunizidi. Miti ya miombo ndivyo ilivyo, mizizi ikiwa hai inarudi yenyewe. Adui ni moto wa mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Huo huua machipukizi yote. Kwa hiyo wao huchoma ukanda wa mpakani mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto wa baadaye ukose cha kula. Sehemu hii msiipite haraka, ombeni kuoneshwa.

Kisichoniridhisha ni majirani. Akina mama wa kijijini huruhusiwa kuokota kuni kavu na uyoga kwa siku maalumu, na hilo ni jambo zuri sana. Lakini mmoja tuliyekutana naye njiani alisema nyani hutoka msituni wakang'oa mihogo yake, na hakuna anayemsaidia kulinda shamba. Sehemu ya viingilio iwalipe vijana wa kulinda mashamba ya mpakani. Mama asiyevuna hawezi kuupenda msitu, na mimi simlaumu.

Pia niliuliza: mwenye hati ya msitu huu akichoka, je? Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati, hata ile ndefu ya miaka 99, ina mwisho. Sikupata jibu la kueleweka. Wenye msitu wakae na serikali ya kijiji, msitu wa kijiji jirani utengwe kisheria na uungane na huu wao, kwa sababu kipande kimoja kilichozungukwa na mashamba kitakuwa kidogo mno kwa wanyama. Gombe yenyewe, hifadhi ya taifa tangu 1968, ina kilomita za mraba 50 na kidogo tu, na inategemea misitu ya vijiji vinavyoizunguka.

Nendeni asubuhi, vaeni viatu vya kufunika, bebeni maji. Watoto wa shule wapelekwe. Mwongozaji ana subira nao.