WEAP mezani pamoja na watumia maji: uzoefu wangu

Kwa misimu mitatu nimetumia WEAP (Water Evaluation And Planning), programu ya kompyuta ya kupanga matumizi ya maji, kupanga mgao wa maji katika bonde lenye bwawa moja, mji mmoja na skimu mbili za umwagiliaji. Kabla yake tulitengenezewa programu nyingine, tukaletewa ikiwa imeshakamilika. Grafu zake zilipendeza, lakini baada ya mafunzo hakuna aliyeifungua tena. Waliotakiwa kuitumia hawakuwahi kuulizwa wanaamua nini, na wakati gani.

WEAP ilianza kutengenezwa mwaka 1988 na Stockholm Environment Institute. Nilichokipenda kwanza ni mchoro wake: mto, bwawa na mashamba unavikokota kwa kipanya hadi mahali pake kwenye ramani. Mzee mmoja wa skimu ya chini aliutazama ukutani akasema, "Banio letu liko juu ya makutano ya mito, si hapo." Tukalihamisha banio hilo, yaani mahali mfereji unapochukua maji mtoni, akiwa anaona.

Utamu wenyewe uko kwenye vipaumbele. Kila mtumia maji hupewa namba kuanzia 1 hadi 99, na mwenye 1 ndiye anayepata kwanza. Bwawa, usipobadilisha namba yake, huwa na 99, yaani hujazwa wengine wakishapata. Mwendeshaji wa bwawa alikataa katakata: yeye huanza kubana maji mapema, kiangazi kikiwa bado mbali. Tulipoishusha namba ya bwawa, upungufu wa skimu ya chini ukajitokeza papo hapo, mbele ya wote. Tulijadiliana asubuhi nzima, na kwangu hakuna kikao kilichotufaa kama hicho.

Kisha wakulima wakaikosoa hatua ya mwezi tuliyoanza nayo, yaani kukokotoa maji mwezi kwa mwezi. Grafu ilionyesha mahitaji yametimia, ilhali wao walikumbuka mfereji ukiwa mkavu wiki mbili za mwanzo na miche ikinyauka. Tukahamia hatua ya wiki. Kazi ikaongezeka, maana takwimu za mtiririko zilibidi zitafutwe upya, lakini walikuwa na haki.

WEAP inaendeshwa kwenye Windows, na taasisi za serikali, za elimu na zisizo za kibiashara katika nchi zinazoendelea hupata leseni bila malipo.

Siku hizi kikao cha kupanga zamu za maji kinaanza na jedwali moja tu: skimu gani, wiki gani, itapungukiwa kiasi gani. Wakulima ndio walioliomba.