Ukaguzi wa bure, bomba moja la dawa: tathmini ya huduma ya mchwa majumbani

Huduma ya kutibu mchwa inayouzwa mijini, iwe Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Nairobi, huwa na sehemu tatu: ukaguzi, upulizaji na karatasi ya dhamana. Upulizaji ndio unaolipiwa, na dhamana ndiyo inayotangazwa. Ukaguzi hutolewa bure, na kwa kuwa ni wa bure humalizika kabla chai haijapoa. Kasoro inaanzia hapo, maana hizo mbili nyingine zinauegemea. Fundi asiyejua nyumba ina mchwa wa aina gani, wanapitia wapi na kama bado wamo, atarusha dawa kila kona, atachukua chake na kuondoka.

Mtazame anachoshika mkononi akifika. Ukaguzi wa maana unahitaji tochi, bisibisi bapa na ngazi. Bila ngazi hatapanda darini, na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zitabaki hazijaangaliwa. Nyumba ya vyumba vitatu ikikaguliwa vizuri huchukua saa nzima au zaidi. Akizunguka sebuleni dakika kumi kisha akakupa bei, amekagua pochi yako.

Kazi huanza nje, kwenye msingi. Kinachotafutwa ni njia za udongo, vijia vyenye upana wa penseli vinavyopanda ukutani kutoka ardhini. Mchwa ana ngozi laini na hukauka upesi akiwa wazi, kwa hiyo hujijengea kijia cha kutunza unyevu na kujikinga na siafu na sisimizi. Kijia hicho hujificha mahali ambapo mwenye nyumba haangalii: nyuma ya kuni zilizoegemezwa ukutani, chini ya vyungu vya maua, pale ngazi za baraza zinapokutana na ukuta, na kuzunguka mabomba yanayoingia bafuni. Zege hawalitafuni. Wanapita kwenye ufa, na ufa wa milimita moja unawatosha. Vipande vya mbao za kufungia zege vilivyosahaulika ndani ya kifusi, au kisiki kilichofukiwa chini ya jamvi la zege, huwa chakula chao cha mwanzo kabla hawajafika kwenye fremu.

Akikuta kijia, fundi mzuri hakifagii chote. Anabomoa kipande cha sentimita tatu hivi katikati, anaacha juu na chini, kisha anarudi baada ya siku mbili au tatu. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi wa rangi iliyokoza, mchwa wapo kazini. Kisipozibwa, hilo pekee halitoshi kusema wameondoka, kwani huenda wamehamia njia nyingine. Huduma nyingi huruka hatua hii kwa sababu inadai safari ya pili. Mteja anaweza kuifanya mwenyewe, bure kabisa, kabla hajampigia mtu yeyote simu.

Ndani ya nyumba, fremu za milango ndizo za kwanza, hasa miguu yake. Fremu nyingi husimamishwa kabla ya sakafu kumaliziwa, hivyo miguu ikabaki imezama ndani ya zege na wakati mwingine imegusa udongo. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu: mbao nzima hutoa mlio mzito, iliyoliwa hulia kama debe tupu. Ukisukuma ncha ya bisibisi ikazama bila nguvu, kilichobaki ni rangi na ganda. Mlango ulioanza kukwama ghafla nao uangaliwe, ingawa masika pekee huweza kuvimbisha mbao.

Rangi iliyofura ukutani huwadanganya wengi wakadhani ni unyevu. Ibonyeze kwa kidole. Unyevu huacha chumvi nyeupe na plasta inayomong'onyoka. Mchwa huacha udongo mwembamba nyuma ya rangi, wakati mwingine na vijia vyake vikionekana kama mishipa. Udongo unaotoka kwenye tundu la swichi au soketi ni dalili kubwa, kwani bomba la waya ni barabara iliyokwisha kuchongwa kutoka sakafuni hadi darini. Zima umeme kwanza kabla ya kufungua kifuniko, na usiruhusu mtu apulize dawa ya maji humo. Halafu vuta kabati lililogusa ukuta, inua zulia, fungua maboksi ya vitabu yaliyokaa sakafuni. Darini, pamoja na kenchi na papi, usisahau kuwa bodi ya jipsamu ina karatasi pande zote mbili, na karatasi hiyo inaliwa.

Kuhusu kumbikumbi kuna uuzaji wa hofu usio na msingi. Mvua ikinyesha, kumbikumbi hufuata taa kutoka popote, na mbawa zilizorundikana chini ya taa ya nje hazithibitishi lolote kuhusu nyumba yako. Jambo la kushtua ni mbawa ndani ya chumba kilichokuwa kimefungwa, au wadudu wanaotoka wenyewe kwenye ufa wa sakafu au kwenye fremu. Hakikisha pia kuwa si sisimizi wenye mbawa. Kumbikumbi ana mbawa nne zinazolingana urefu, kiuno kinene na papasi (zile nyuzi mbili za kichwani) zilizonyooka. Sisimizi ana kiuno chembamba, papasi zilizopinda kama kiwiko, na mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma.

Sasa swali linalotenganisha fundi na mbeba bomba: ni mchwa gani hawa? Tafuta askari, wale wenye vichwa vikubwa. Wakiwa na vichwa vya hudhurungi-nyekundu na taya zinazoweza kukutoa damu, yaelekea ni jamii ya Macrotermes, wajenzi wa vichuguu virefu, wanaolima kuvu ndani ya kiota na kujaza udongo mahali walipokula mbao. Askari wa jamii nyingine, Coptotermes, ana kichwa cha njano chenye umbo la yai, na akiguswa hutoa ute mweupe kama maziwa kwenye paji. Hawa hawajengi kichuguu cha kuonekana, na huweza kumaliza fremu bila mwenye nyumba kushtuka. Wote wawili hutoka ardhini, na dawa ya udongo, ile inayomwagwa ardhini, inawahusu.

Mchwa wa mbao kavu ni habari nyingine. Anaishi ndani ya mbao yenyewe, hahitaji kugusa ardhi, hajengi kijia cha udongo, na pwani ni mkazi wa kawaida wa makabati na fremu. Dalili yake ni vinyesi: punje ngumu za kama milimita moja, zenye pande sita, zikirundikana chini ya tundu dogo kama mchanga wa kahawa. Unga laini kama wa ngano hautoki kwake, bali kwa wadudu wengine wanaobungua mbao. Ukivunja mbao aliyoikaa utakuta vyumba safi visivyo na tope. Kumtibu kwa kumwaga dawa kuzunguka msingi ni kumpa dawa jirani wa mgonjwa. Anatibiwa kwa kutoboa mbao na kuidunga dawa ndani ya vyumba vyake, au kuiondoa mbao yenyewe na kuichoma. Mtoa huduma anayetoa bei ileile na tiba ileile kwa mchwa wote apewe alama sifuri hapa.

Upulizaji wenyewe unapimika kwa hesabu ya darasa la tano. Kipimo kinachotumika sana kwa dawa ya udongo ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Mzunguko wake ni mita 44, kwa hiyo inataka lita 220, yaani mabomba 11 ya mgongoni ya lita 20, na hapo ni nje tu. Mfereji huchimbwa ukigusa msingi, upana wa sentimita 15 na kina cha 15 hadi 30; dawa humwagwa mferejini, na udongo unaorudishwa nao hulowekwa. Ndani, penye ufa au fremu iliyoliwa, sakafu hutobolewa matundu ya milimita 12 kila baada ya sentimita 30 kando ya ukuta, dawa ikaingizwa na matundu yakazibwa. Aliyekuja na bomba moja la lita 16 na kunyunyiza ukuta kwa nje ameosha vumbi. Mchwa anayepita chini ya udongo hata hatajua kuna mtu alikuja.

Omba kuiona chupa ikiwa bado imefungwa, usome jina la kemikali, kiwango chake na namba ya usajili. Tanzania usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya uko chini ya bodi ya viuatilifu, PCPB. Kwa nyumba ileile ya lita 220, imidacloprid ya gramu 200 kwa lita, ikichanganywa kufikia asilimia 0.05, inataka mililita 2.5 kwa lita ya maji, jumla mililita 550. Fipronil ya gramu 50 kwa lita, kwa asilimia 0.06, ni mililita 12 kwa lita, jumla lita 2.64. Bifenthrin ya gramu 100 kwa lita, kwa asilimia hiyohiyo ya 0.06, ni mililita 6 kwa lita, jumla lita 1.32. Lebo ikitaja kipimo tofauti, fuata lebo. Ila kichupa cha mililita 100 hakiwezi kumaliza kazi hiyo kwa dawa yoyote kati ya hizi tatu.

Kati yake, fipronil na imidacloprid tunazipa nafasi ya juu kwa nyumba ambayo tayari imeingiliwa. Mchwa hawazihisi, hupita humo, hubeba dawa na kuwaambukiza wenzao wakati wa kulambana. Haziui papo hapo, na mteja asipoambiwa hivyo atapiga simu kesho yake akilalamika. Bifenthrin hufukuza. Kwa uzio mpya wa dawa usio na pengo ni nzuri, lakini ukiachwa upenyo wa kiganja mchwa watautafuta na kuupata. Chlorpyrifos huenda bado ukaikuta kwenye maduka ya pembejeo na harufu yake huwaridhisha watu, lakini mwaka 2025 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, na kuna misamaha maalumu tu. Hatuoni sababu ya kuichagua. Aldrin na dieldrin zilikuwemo kwenye mkataba huo tangu mwanzo. Anayekunong'oneza kuwa anayo "ile dawa ya zamani yenye nguvu" mwoneshe mlango.

Mitego ya chambo, ambayo imefanya kazi nzuri Marekani, hapa tunaipendekeza kwa tahadhari. Inawafaa Coptotermes, lakini mchwa walima kuvu kama Macrotermes mara nyingi huipuuza. Oili chafu ya gari hufunika uso wa mbao tu, haipenyi, inazuia rangi kushika na kuchafua udongo. Majivu na chumvi huondoka na mvua ya kwanza. Kutoa malkia kichuguuni kunaleta shangwe na picha, lakini wafanyakazi waliokwisha ingia ndani ya fremu yako hawafi siku hiyo, na kichuguu kilichochimbwa huenda si kile kinacholisha nyumba yako.

Nyumba ambayo bado haijajengwa ndiyo inayonufaika kuliko zote. Dawa humwagwa baada ya kifusi kushindiliwa na kabla ya nailoni na zege, lita 5 kwa kila mita ya mraba, kisha nailoni inatandazwa siku hiyohiyo. Udongo ukiwa umeloa chepechepe hauinywi, na mvua ikitangulia nailoni, kazi irudiwe. Mafundi hutibua udongo huo kwa kupitisha bomba la maji taka wiki inayofuata na hakuna anayekumbuka kurudishia dawa pale. Njia ya mchwa ikishapatikana hapo, haizibiki kirahisi tena.

Dhamana isomwe kwa mistari midogo. Nyingi huahidi kurudia upulizaji tu, hazilipi fremu wala kenchi. Nyingi pia hufutika udongo ukichimbwa, na hilo ni haki: kitalu cha maua kilichochimbwa kando ya msingi kimekata uzio wa dawa. Dai iandikwe dawa iliyotumika, lita ngapi, na mchoro wa mahali ilipowekwa. Bila hayo matatu, karatasi hiyo haina cha kudai.

Siku ya kazi, watoto na mifugo wakae mbali hadi dawa ikauke. Kuku hasa: hupenda kuchakura mfereji mpya, na mchwa waliolewa dawa ni chambo kwao, hivyo wafungiwe hadi udongo ushindiliwe. Fipronil inaua samaki na nyuki, kwa hiyo bomba lisisafishwe kwenye mtaro wala karibu na kisima. Maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya mfereji uleule wa dawa. Na kumbikumbi watakaotoka kwenye eneo lililotibiwa msimu ujao wasiokotwe kwa kukaangwa.