Gitaa la umeme lisilo na kichwa (ncha ya juu ya kukazia nyuzi), la mtumba: Spirit GT-Pro au Ibanez Q52?

Kinachoyatofautisha kwa mtu wa mazoezi ya nyumbani ni nyuzi. Steinberger Spirit GT-Pro hutumia nyuzi zenye kitufe cha chuma ncha zote mbili: kubadilisha ni dakika chache, lakini duka la mtaani huenda halina. Mwili wake mdogo huteleza pajani, kwa hiyo hakikisha egemeo lake la kukunjua, la kuwekea pajani, bado lipo.

Q52 hutumia nyuzi za kawaida. Uvute uzi, kaza skrubu inayoubana juu ya shingo kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita), ndipo ukate. Ukitanguliza kukata, uzi mnene hufumuka. Kagua skrubu hizo kwanza: zilizoliwa hazishiki, na gitaa halitulii sauti. Zungusha pia kila kitasa cha darajani, yaani kifundo cha kukazia uzi kwenye mwili wa gitaa. Kikikwama, shusha bei.

Asiyetaka shida ya kutafuta nyuzi achukue Q52.