Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi: chembamba mkononi, kizito kazini

Kitabu hiki hakisomeki ukiwa umejilaza. Hakina hadithi wala mahubiri. Ni maelekezo matupu katika aya zenye namba. Aliyekiandika, Inyasi wa Loyola, alikuwa mtu wa vita. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu pale Pamplona, na alipokuwa akijiuguza akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu, kwa kuwa vitabu vya mashujaa alivyovipenda havikupatikana. Akagundua kwamba akiwazia sifa na mwanamke wa cheo hufurahi kisha hubaki mkavu, lakini akiwazia kuishi kama watakatifu, furaha hukaa. Kitabu kimechipuka hapo. Papa Paulo III alikiidhinisha mwaka 1548.

Mimi nilikitafuta kwa ajili ya tabia moja: kugombana na watu kichwani. Mtu akinijibu vibaya mchana, usiku namjibu upya kwa ufasaha ambao sina, naye hana la kusema. Kuapa kuacha hakusaidii, maana ugomvi huo makao yake ni mawazoni, na Inyasi anaufuata huko huko. Hakukatazi kuwazia, anakupa cha kuwazia. Kwenye Noeli anakutaka uione njia ya Nazareti hadi Bethlehemu: urefu, upana, kama ni tambarare au ina mabonde na vilima. Na pango, je, dari yake iko juu au chini? Kisha ujiweke mle kama mtumishi maskini, utazame na usikilize.

Niliihamishia njia hiyo kwenye Luka 15, mfano wa mwana mpotevu, nikasimama nje na yule kaka mkubwa aliyegoma kuingia karamuni ya kumpokea mdogo wake. Hotuba yake imepangika mno! Huyu hakuitunga palepale mlangoni. Alikuwa akiinoa siku nyingi kule shambani. Baba anatoka kumsihi, na hapo ndipo nilipokawia, kwa sababu katika magomvi yangu ya usiku sijawahi kumpa mtu yeyote nafasi ya kutoka kunisihi.

Sehemu ninayoitumia zaidi haina hata picha. Ni uchunguzi maalumu: unachagua kasoro moja tu, asubuhi unakusudia kujilinda nayo, ukiteleza unaweka mkono kifuani, halafu mchana na jioni unatia nukta, moja kwa kila kuteleza, kwenye mistari miwili ya siku hiyo. Unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Mkono kifuani hata mbele za watu. Hakuna anayejua unafanya nini.

Lawama zangu? Tafakari ya jehanamu katika juma la kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya mazoezi, yenye moshi na kiberiti hadi puani, si ya mtu aliyezoea kujihukumu. Pia kitabu kinazungumza zaidi na anayeongoza kuliko anayefanya. Usikifanye peke yako: Yesu wa mawazoni ni mwepesi sana kukubaliana na mwenye mawazo, na mwelekezi mzuri huligundua hilo mapema.

Mafungo kamili, yaani kujitenga kwa ajili ya mazoezi haya, ni siku 30 hivi, lakini aya ya 19 inamruhusu mwenye shughuli kutenga saa moja na nusu kwa siku, akiwa kwake. Nyota nne. Uwe na Biblia pembeni, kwa sababu masimulizi ya Injili humo yamefupishwa kuwa vidokezo tu.