Uzoefu wangu: Messerschmitt Bf 109 G-6 ya Eduard, uwiano wa 1:48

Ndege nyingi za plastiki nilizounda zimeishia kuwa pambo zuri la kabatini. Hii, modeli ya ndege ya kivita ya Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, imenionyesha kwa nini ndege halisi ilikuwa na umbo ililokuwa nalo, na ndiyo sababu naisifu kuliko zote.

Boksi ninalozungumzia limetengenezwa na Eduard, kampuni ya Ucheki yenye makao yake Obrnice, na ni toleo la ProfiPACK, yaani lile lenye vifaa vya ziada. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ndege inafika sentimita 20.7 hivi, kwa sababu Bf 109 G-6 halisi ilikuwa na mita 9.92, na modeli ni ndogo mara 48. Kipimo hicho ukikumbuke. G-6 ya kwanza ya Eduard, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa kubwa kupita uwiano ulioandikwa kwenye boksi. Wapenzi wa ndege hiyo wakapima, wakasema, na kampuni ikachonga kalibu upya. G-6 iliyosahihishwa ikatoka 2016. Maboksi ya zamani bado yanauzwa mkononi, kwa hiyo muulize muuzaji ni la mwaka gani kabla hujatoa hela.

Utamu unaanzia kwenye chumba cha rubani. Mbali na plastiki, unapewa bati jembamba sana ambalo tayari limepakwa rangi. Dashibodi inaundwa kwa kupandanisha tabaka za bati hilo, na ukishamaliza, saa zake unaziona moja moja kwa kioo cha kukuzia. Mikanda ya kiti nayo ni ya bati. Gundi ya plastiki haishiki hapa. Tumia supaglu kidogo mno, iliyochukuliwa kwa ncha ya sindano. Ukuta wa kulia una bomba la mafuta la njano lenye sehemu ya kioo, ili rubani aone mafuta yakipita. Tangi lenyewe, la lita 400, lilikuwa nyuma na chini ya kiti chake. Nilipokuwa napaka rangi sehemu hiyo ndipo nilipoelewa jinsi rubani alivyobanwa: injini mbele, mafuta mgongoni, na mabega karibu yaguse kuta.

Kuunganisha mwili wa ndege kunataka subira hasa puani. Kila kipande kijaribishe kikiwa kikavu, bila gundi, kabla hujakifunga moja kwa moja. Mimi puti nilitumia kidogo tu, na msasa laini ukamaliza kazi. Zile nundu mbili mbele ya kioo cha rubani usizichukulie kama mapambo. Kabla ya G-6, juu ya injini kulikuwa na bunduki za milimita 7.92. Zilipobadilishwa na MG 131 za milimita 13, sehemu ya nyuma ya bunduki mpya haikuenea ndani ya boneti, ikabidi bati lifinyangwe lizifunike. Tundu lililo katikati ya pangaboi nalo lina sababu yake. Injini ya Daimler-Benz DB 605 ilifungwa kichwa chini, silinda zikielekea ardhini, na mtutu wa mzinga ukapita kati ya safu mbili za silinda hadi puani. Mzinga ulifyatua kupitia kitovu cha pangaboi. Ningependa sana boneti ifunguke niione injini hiyo, lakini haifunguki. Injini inauzwa kando na inaongeza gharama.

Vibawa vya kwenye ukingo wa mbele wa bawa, vile ambavyo kwenye ndege halisi vilijifungua vyenyewe mwendo ukipungua, vimetengwa na bawa. Viache wazi. Ndege ikiwa imesimama chini, mara nyingi ndivyo ilivyoonekana.

Miguu ya kutulia ndiyo inayohukumu kazi yako yote. Kwenye Bf 109 miguu ilifungwa mwilini, si kwenye mabawa, kwa hiyo mafundi waliweza kung'oa mabawa ndege ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake. Faida hiyo iliwagharimu marubani: magurudumu yalikaribiana na ndege ilipenda kugeuka ghafla wakati wa kuruka au kutua, na nyingi ziliharibika hivyo. Kwenye modeli, miguu ikipishana hata kidogo jicho linaona mara moja. Niliweka ndege juu ya karatasi yenye mistari, nikaitazama kwa mbele na kuiegemeza mpaka gundi ikakauka kabisa.

Halafu rangi. Mabawa yana kijivu cha kijani na kijivu cha zambarau, yaani RLM 74 na 75 katika orodha ya wizara ya anga ya Ujerumani, na tumboni kuna samawati hafifu ya RLM 76. Ubavuni kuna madoadoa, na hayo ndiyo yanayotisha wengi. Rangi iwe nyepesi, presha ya kompresa iwe ndogo, na bomba la kupulizia lisogee karibu sana na plastiki. Huku pwani joto linakausha rangi ya maji kwenye ncha ya bomba kabla haijafika inapokwenda. Ongeza dawa ya kuchelewesha kukauka, na fanya kazi alfajiri. Rangi za maji ndizo rahisi kuagiza kutoka nje, kwani zile za thina huhesabiwa mzigo wa hatari kwenye usafiri wa ndege.

Kuna jambo moja nililifikiria sana, nalo ni swastika ya mkiani, alama ya Wanazi. Ujerumani inakataza kisheria kuionyesha hadharani, na watengenezaji wengi huiacha au huikata vipande kwenye karatasi ya stika. Mimi sikuibandika. Bf 109 ilitengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote ya kupigana na ndege za adui angani katika historia, zaidi ya 33,000, na sehemu ya hesabu hiyo ilitoka mikononi mwa wafungwa wa kambi za Wanazi za Flossenbürg na Gusen waliolazimishwa kuifanyia kazi kampuni ya Messerschmitt. Wengi wao walifia huko. Naipenda ndege hii kama kazi ya uhandisi, na wageni wakiniuliza habari zake nawaeleza yote mawili, nundu za boneti na wafungwa. Misalaba ya mabawani na ubavuni niliiweka, kwa sababu bila hiyo haijulikani ni ndege ya nani.

Kwa bei, ProfiPACK si ya kununua kwa pupa. Eduard wana toleo la Weekend lenye plastiki ileile, bila bati wala karatasi za kuzibia vioo, na ni rahisi zaidi. Kama utafunga kioo cha rubani na ndege itakaa mbali na macho, Weekend inatosha. Lakini ukipenda kuacha kioo wazi, ongeza hela uchukue ProfiPACK; ile dashibodi peke yake inafidia tofauti. Na kama hujawahi kabisa kushika gundi ya modeli, anza na Bf 109 E ya Airfix kwa uwiano wa 1:72. Ina vipande vichache, na itakuzoesha kukata, kusugua na kupaka kabla hujagusa bati jembamba kama hili.